Maji Yalipanda Moto Ulipokwisha Kuzimika

Jumamosi, jioni. Ipuli, Tabora.

Leo joto limeamka kabla yangu. Septemba ya huku haina adabu. Asubuhi mapema bati la jirani limeshaanza kulialia kwa jua, vumbi limekaa juu ya kila kitu, na upande wa mashambani kuna moshi wa watu wanaochoma majani wakiandaa mashamba. Nimefua, nimeanika, na nguo ya kwanza imekauka kabla sijafika kwenye ya mwisho. Sasa nimekaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na moyo umetulia.

Nauandika utulivu huu haraka kabla haujaenda zake.

Mnaonisoma hapa mnajua tabia yangu. Huwa naandika nikiwa nimechoka, au nimeudhika, au nimetoka kusahihisha madaftari hadi macho yanauma. Leo sivyo. Leo nina jambo la kusimulia, na nataka nilisimulie lote tangu mwanzo.

Nafundisha sayansi darasa la sita. Watoto ni wengi kuliko madawati, kwa hiyo kuna wanaobanana wanne wanne na kuna wanaopenda kusimama nyuma kwa hiari yao. Ni umri mgumu. Siku moja mtoto anataka umshike mkono, kesho yake anaona aibu ukimwita jina mbele ya wenzake.

Likizo ya Desemba walimu tulipelekwa semina. Mwezeshaji, kijana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, alitwambia kwamba akili ya mtoto haikugawiwa mara moja ikaisha. Inakua kwa kutumika, kwa kujaribu, kwa kukosea na kurudia tena. Akasema mtoto akikwambia "siwezi," mwambie aongeze neno moja tu: "bado." Siwezi bado. Sijui bado.

Nilicheka kimoyomoyo. Nilijisemea, huyu hajawahi kusimama mbele ya darasa langu.

Lakini Januari nikaanza, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia watoto wa miaka kumi na miwili wakinitangazia kwamba wao sayansi si yao, kama mzee anayekwambia magoti yake hayafai tena. Nikaweka sheria chache. Kwenye daftari la sayansi hakuna kufuta kwa ufutio. Ukikosea, pitisha mstari mmoja, jibu lako la zamani libaki linasomeka, andika jipya chini yake. Hakuna kumcheka mtu aliyejaribu. Na kila Ijumaa tunachagua kosa zuri la wiki, lile lililotufundisha kitu, na mwenye kosa anapigiwa makofi ya kilo, yale mazito ya darasa zima.

Watoto walizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Kufikia Pasaka walikuwa wanagombania kosa la wiki.

Ila kuna kitu lazima nikiseme, maana hapa ndipo ninaposemea ukweli. Sheria zile nilizitunga kwa ajili yao. Mimi mwenyewe sikuwa ndani yake.

Na kuna mtoto mmoja ambaye hazikumgusa kabisa. Anaitwa Odilia.

Odilia alikuja kwetu Januari kutoka Ulyankulu. Anaishi hapa Ipuli na shangazi yake, Mama Jeni, mwenye mgahawa mdogo wa chai, maandazi na supu karibu na kona ya kuingilia shuleni. Ni mrefu kuliko wenzake wote kwa sababu alirudia darasa huko alikotoka. Anakaa dirishani, safu ya nyuma, mabega ameyakunja kama anayejaribu kuupunguza urefu wake.

Wiki yake ya kwanza nilimpa asome kwa sauti. Sentensi ilikuwa fupi tu, kwamba popo hulala mchana. Yeye akasoma "hurara." Darasa likalipuka. Mmoja akasema "Mrundi huyo," wakacheka tena. Niliwakemea, nikawafokea hasa, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Odilia alikaa chini, na kuanzia siku hiyo sauti yake sikuisikia tena darasani. Nikimuuliza anasimama, anaangalia sakafu, anangoja nichoke.

Waliokimbia Burundi ni babu zake; wazazi wake wamezaliwa Ulyankulu, na yeye amezaliwa Ulyankulu. Ni Mtanzania kama mimi. Lililoniuma zaidi ni kwamba tunachekana hivi katika mji huu. Mama wa babu yangu aliingia Tabora kwa miguu akitoka Manyema, kule Kongo, na msafara, mzigo kichwani, na hakuna aliyemtazamia kubaki. Akabaki. Nusu ya watoto waliomcheka Odilia ukiwauliza asili ya babu zao watakutajia Manyema, Ujiji, Pwani, Uarabuni, Usukuma. Mji mzima ni watu waliokuwa wanapita wakaona hapa panafaa. Kwa nini yeye aonekane mgeni kuliko sisi?

Mitihani ya katikati ya mwaka nusura ashike mkia. Siyo wa mwisho kabisa, lakini kutoka alipokuwa ungeweza kumgusa wa mwisho. Mama Jeni akaniita nikiwa napita mgahawani kwake.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," alisema, huku anakaanga. "Mtoto huyu nampenda, lakini kichwa chake si cha shule. Kaka yangu kule Ulyankulu anaanza vitalu vya tumbaku Septemba. Vinataka maji asubuhi na jioni. Bora akawasaidie wazazi wake kuliko kukaa hapa anaumia."

Nilimwomba anipe muda. Akasema sawa, mpaka Septemba iishe.

Na Septemba ndiyo hii.

Sasa nije Alhamisi, juzi. Asubuhi Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kasanda, alinisimamisha ofisini. Ni mtu mzima, mstaarabu, amefundisha sayansi tangu mimi nikiwa sijaanza shule. Alisema baadhi ya wazazi wamelalamika. Wanasema madaftari ya watoto wao yamejaa makosa yaliyokatwakatwa, na mwalimu anawapigia makofi wanaokosa. Hakuwa mkali. Alisema tu, "Nitakuja nikae nyuma kipindi chako, nione."

Kwa hiyo nikafanya anachofanya kila mwalimu anayetembelewa. Nikachagua jaribio ambalo halijawahi kuniangusha.

Mnalijua wengi wenu. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani kwa udongo kidogo. Unamimina maji, mimi niliyatia rangi kwa rozela yakawa mekundu ili hata wa nyuma waone. Unawasha mshumaa, unaufunika kwa glasi. Moto unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi kama yanavutwa na mtu asiyeonekana. Kisha mwalimu anaeleza: moto umekula oksijeni, nafasi ya oksijeni imebaki tupu, maji yakaingia kuijaza. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Ndivyo nilivyofundisha.

Jaribio likaenda vizuri. Maji yakapanda, watoto wakasema "Aaaa!" na Mwalimu Kasanda kule nyuma akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaeleza maelezo yangu. Nikauliza, kama kawaida, kuna swali?

Mkono ukanyooshwa dirishani.

Nilidhani anataka ruhusa ya kwenda chooni. Kweli, hilo ndilo lililonijia.

"Ndiyo, Odilia."

Alisimama taratibu. Macho yake hayakuwa sakafuni. Yalikuwa kwenye glasi.

"Mwalimu, kama moto ndio uliokula hewa, kwa nini maji hayakupanda wakati unakula? Yalipanda ulipokwisha kuzimika."

Nikaiangalia glasi upya. 

Alikuwa ameona sawa. Ni mara nyingi mno nimefanya jaribio lile, na kila mara maji yanasubiri. Moto unawaka, maji yapo tu pale chini. Moto unakufa, ndipo yanakimbia kupanda. Nilikuwa nimeliangalia jambo hili kwa miaka bila kuliona, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tayari mfukoni.

Niwaambie kilichopita kichwani mwangu, maana si kizuri. Cha kwanza: Mwalimu Mkuu yupo nyuma. Cha pili: naweza kusema "swali zuri, tutaliona mwakani," halafu nikaendelea. Hakuna ambaye angejua. Odilia angekaa chini, na nadhani asingesimama tena mwaka huu, wala pengine shule nyingine yoyote.

Nikaiweka chaki mezani. 

"Sijui," nikasema. Kisha nikasikia darasa zima, watoto wote wale, wakinimalizia kwa sauti moja: "Bado!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Hata Mwalimu Kasanda nilimwona akifuta mdomo kwa kiganja.

"Haya," nikasema. "Odilia, wewe unafikiri nini?"

Alifikiri. Nikajizuia nisimsaidie, na kujizuia huko ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

"Labda mshumaa umekunywa maji," alisema. "Kama utambi wa kibatari unavyokunywa mafuta ya taa."

Kuna walioanza kuguna, wakajikuta wananiangalia, wakaacha. Nikauliza tutajuaje kama ni kweli. Shabani, ambaye kwa kawaida kazi yake darasani ni kuwapiga wenzake kwa vipande vya chaki, akasema tuweke mshumaa usiowashwa tuufunike. Kama ni kunywa, na huo utakunywa.

Tukauweka. Tukangoja. Maji hayakupanda hata kidogo.

Nikamwangalia Odilia nikiwa na hofu. Nilitegemea mabega yajikunje. Badala yake alisogea mbele, akapita katikati ya madawati bila kuomba ruhusa, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na glasi.

"Basi si kunywa," alisema. Alisema kama mtu anayefunga mlango mmoja ili aende kujaribu mwingine.

Kilichofuata sikukipanga. Mtoto mmoja akasema tuongeze mishumaa. Tukaweka mitatu chini ya glasi ile ile. Nikawauliza mapema: kama maji yanajaza nafasi ya oksijeni, je, yatapanda zaidi au sawa? Wakabishana. Hewa ni ile ile, glasi ni ile ile, walisema wengi, kwa hiyo yatapanda sawa. Nami nilifikiri hivyo hivyo.

Yakapanda juu zaidi. Juu sana.

Kelele iliyotokea ilimleta mwalimu wa darasa la pili hadi mlangoni kuona kuna nini.

Shabani alikimbilia kuinua glasi, akaiachia na kuanza kupuliza vidole. "Ya moto hiyo!" Odilia akageuka akamwangalia. Akamuuliza, mara ya kwanza namsikia akiongea na mwenzake darasani, "Ile ya mshumaa mmoja ilikuwa ya moto hivyo?"

"Haikuwa hivi."

Na hapo niliona kitu kikitembea darasani. Sijui nikielezeje. Ni kama upepo unavyopita kwenye shamba la mahindi, unauona ulipo kwa jinsi majani yanavyolala. Mmoja akasema joto. Mwingine akasema hewa ya moto. Mwingine akasema mpira wa baiskeli ukiachwa juani unajaa mpaka unapasuka. Msichana mmoja wa mbele akasema kwamba mwanzoni, mshumaa ulipokuwa unawaka, yeye aliona mapovu yanatoka pembeni mwa glasi, akadhani amekosea kuona, akanyamaza.

"Hewa ilikuwa inatoka!" akasema Odilia. "Ilipata joto ikajaa ikatoka. Moto ulipozimika, iliyobaki ikapoa, ikanywea. Maji ndiyo yakapanda."

"Tutajuaje?" nikauliza. 

Aliigusa glasi kwa ncha ya kidole. Kisha: "Tupashe glasi joto bila moto."

Nikatuma mtoto ofisini kuleta chupa ya chai yenye maji ya moto. Nikamimina kwenye glasi, nikaizungusha, nikamwaga, nikaifunika haraka kwenye sahani ya maji mekundu. Hakuna mshumaa, hakuna moto, wala oksijeni iliyoliwa na yeyote. Watoto walikuwa wamepanda juu ya madawati.

Maji yakaanza kupanda. Polepole, lakini yakapanda.

Kengele ilikuwa imeshalia na hakuna aliyeisikia.

Nikawaambia ukweli wote niliokuwa nao wakati ule. Nikasema: mshumaa umezimika kwa sababu oksijeni haikuutosha, hilo bado ni kweli. Lakini maji kupanda, maelezo niliyowapa mwanzo hayakuwa sahihi. Nimekosea, na ninyi mmenisaidia kuona. Nikageuka ubaoni, nikapitisha mstari mmoja juu ya sentensi yangu, nikaiacha isomeke.

Shabani akasema, "Mwalimu, kosa la wiki ni lako."

Nikapigiwa makofi ya kilo. Niliona aibu na raha kwa pamoja, na sikujua ipi inazidi.

Mwalimu Kasanda alisubiri watoto watoke. Alikuja mbele, akaichukua ile glasi, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kipindi kimeisha na mada haikuisha," alisema.

"Ni kweli, mwalimu."

"Mtihani wa taifa hautawauliza mapovu."

"Najua."

Akaiweka glasi chini taratibu. "Mimi nimelifundisha hivyo hivyo maisha yangu yote," alisema, siyo kwangu hasa, kama anajiambia. Akafika mlangoni akageuka. "Yule binti wa dirishani. Ndiye yule wa Ulyankulu?"

"Ndiye."

Akatoka. Nisiwadanganye kwamba amekubaliana nami kuhusu madaftari. Jana asubuhi kanikumbusha tena niziwahi mada zilizobaki, na ana haki, tumechelewa kweli. Lakini hakuniambia nirudishe ufutio.

Nilirudi nyumbani Alhamisi hiyo nikatafuta kwenye simu, nikasoma mpaka chaji ikakaribia kuisha. Watoto walikuwa wamefika karibu kabisa na jibu. Nikacheka peke yangu jikoni.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini leo asubuhi, nikiwa katikati ya kufua, nikasikia hodi.

Ni Mama Jeni. Kajifunga kanga ya kazini, uso hausomeki, na mkononi kashika glasi iliyopasuka ufa kutoka mdomoni hadi chini. Nyuma yake, hatua chache, kasimama Odilia.

 Nilijua ni mwisho wa Septemba umekuja mapema.

"Shikamoo, Mama Jeni."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya hii." Akaiweka glasi juu ya kiti. "Huyu mtoto tangu juzi kazi yake ni kufunika glasi kwenye sahani. Wateja wanangoja chai, glasi zote zimepinduliwa! Jana kuna baba mmoja ameona maji mekundu yanapanda yenyewe, akaacha supu yake nusu akaondoka. Anadhani nimeanza uganga."

Nilijitahidi nisicheke. Sikuweza. Nilimwomba radhi, nikamwambia hiyo glasi ni juu yangu, nikaanza kunyanyuka niende kabatini nikamletee nyingine.

"Kaa, mwalimu. Glasi ninazo." Akakaa na yeye. Akajipepea kwa ncha ya kanga. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Huyu tangu afike kwangu, akivunja kitu anakificha. Kikombe nimekikuta kwenye kuni. Sahani nimeikuta chini ya godoro. Ukimuuliza, kimya. Nimemsema, nimemchapa, kimya. Jana jioni amenijia mwenyewe na hii mkononi. Ananiambia, shangazi, nimemimina maji ya moto sana kwenye glasi ya baridi, ikapasuka. Nimekosea. Kesho nitaanza na ya uvuguvugu."

Akaniangalia. "Umemfanya nini?"

 Nilimwita Odilia asogee, nikamwambia amweleze shangazi yake ni nini alichokuwa anakitafuta na zile glasi. Nikadhani ataangalia chini.

Akaeleza. Alichukua sahani yangu, glasi yangu, mshumaa nilionao kwa ajili ya umeme ukikatika, akafanya yote pale barazani, huku jua likimpiga mgongoni. Alisema "mwanzoni nilidhani mshumaa unakunywa maji, haikuwa hivyo" bila kusita hata kidogo, kwa Kiswahili chake chenye r na l zinazobadilishana viti, na sikuona kama anazikumbuka. Mama Jeni aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Maji yalipopanda, alivuta pumzi kwa sauti.



Kisha akatoa simu kwenye pindo la kanga, akampigia kaka yake. Aliongea Kirundi, haraka, na mimi Kirundi sikijui. Nilishika maneno machache tu: mwalimu, glasi, na jina la Odilia mara nyingi. Upande wa pili sauti ya mwanamume ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Odilia alikuwa anasikia yote. Nilikuwa namwangalia usoni kutaka kujua, lakini yeye alikuwa amekazia macho mshumaa uliozimika.

Mama Jeni akakata simu.

"Amekasirika," aliniambia. "Anasema vitalu vitamwagiwa na nani? Nimemwambia Jeni wangu ataenda wiki mbili, kamaliza shule yupo tu nyumbani. Huyu mwaka uishe kwanza. Akifika la saba tutaongea tena."

Mwaka uishe kwanza. Siyo ahadi ya maisha. Mwakani tunaweza kurudi hapa hapa, kwenye viti hivi hivi. Nalijua hilo, na bado nilitaka kumkumbatia mama yule mbele ya majirani. Nilimshukuru tu, kwa heshima, nikamkaribisha chai. Akasema hawezi, kaacha jiko.

Odilia hakusema asante wala hakutabasamu. Alipangusa sahani kwa upindo wa sketi yake, akairudisha ndani alikoitoa. Alipotoka nikaona amesimama wima. Ni mrefu kweli yule mtoto. Sikuwahi kujua ni mrefu kiasi kile.

Walipofika kwenye geti Mama Jeni akasimama. Akageuka, kidole juu, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu.

"Mwalimu. Andazi likiwa kwenye mafuta linavimba, si ndiyo? Nikilitoa likapoa, mengine yananywea. Ni hewa hiyo hiyo?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na maneno tayari, unajua walimu tulivyo. Lakini Odilia aliniwahi.

"Twende tukajaribu, shangazi," alisema, akamshika mkono akamvuta.

Nimewaangalia mpaka wamekata kona, mmoja anaongea, mwingine anatikisa kichwa. Sikuweza kujua nani alikuwa anamfundisha nani.

Sasa jua limeanza kulegea na chai imepoa. Kuna madaftari ndani yananisubiri na mada zilizochelewa zinanisubiri, na Jumatatu nitakuwa mwalimu yule yule mwenye chaki kwenye nywele. Lakini kesho Jumapili ni yangu. Nitanunua unga na hamira, nitabandika karai la mafuta, na nitavuta kiti nikae nalo karibu, nione kwa macho yangu andazi linafanya nini.